Kidole gumba cha baba mdogo: hakuna kijidudu hata kimoja, ila mwili mzima umepiga king'ora (uzi mrefu, vumilieni)

#1 Hadubini
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Nafanya kazi maabara, si daktari. Nasema mapema ili msije mkanidai cheti. Uzi huu umeletwa na kidole gumba cha mguu wa kulia cha baba yangu mdogo.

Mzee ana miaka 54, dereva wa lori. Jumamosi moja katoka kwenye sherehe ya kipaimara, kala, kanywa, kalala mzima. Saa nane usiku kaamshwa na kidole. Anasema shuka likigusa tu alitamani kulia, na mimi baba mdogo sijawahi kumwona akilia hata msibani. Asubuhi kidole kimevimba, kinang'aa, kina joto unalolisikia kabla hujakigusa. Zahanati aliyokwenda wakamwambia infeksheni imeingia kwenye mfupa, wakampiga sindano za antibiotiki siku 5. Baada ya wiki maumivu yakaisha. Akawa balozi wa zile sindano mtaa mzima. Miezi minne baadaye yakarudi, akapigwa tena sindano, yakaisha tena.

Mara ya tatu nikamkamata mimi, nikampeleka hospitali ninayofanya kazi. Daktari akavuta maji ya kiungo, kama mililita moja na kitu, yana ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikayaweka kwenye kioo mwenyewe, nikaweka vichujio vya mwanga kwenye hadubini. Sindano tupu! Fuwele nyembamba mamia kwa mamia, njano zikilala sambamba na mhimili wa kichujio. Nikizungusha kioo zinageuka bluu. Na nyutrofili, zile seli nyeupe za zamu ya kwanza, zimejaa kila nilipoangalia. Nyingine zilikuwa zimemeza fuwele ndefu kuliko zenyewe, imetokeza huku na huku kama kijiti cha mshikaki.

Tukaotesha sampuli siku 5. Hakikuota kitu. Hakuna bakteria.

Hiyo ni gauti, wazee wanaita jongo. Fuwele za asidi ya yuriki. Sasa swali lililoninyima usingizi: uvimbe, joto na maumivu ni kazi ya kinga ya mwili, na kinga ipo kwa ajili ya vijidudu. Kama kijidudu hakuna, nani kapiga king'ora?

Nimesoma sana tangu siku hiyo. Mkitaka nitashuka nalo.

#2 Kipanga_wa_Usiku
Shuka nalo mkuu. Nimevuta kiti.

#3 ChomaChoma
Umeniharibia wikiendi. Mimi nina kidole kama hicho na kesho kuna mbuzi anachinjwa.

#4 MzeeFumbuka
Vijana mnasoma sana. Kidole kikivimba ghafla usiku baada ya sherehe, huyo kakanyaga kitu alichotegeshewa. Ulizia kwanza aligombana na nani pale kwenye kipaimara.

#5 Hadubini
Mzee Fumbuka shikamoo. Nakuheshimu, ila huyo mtegaji nimemwona kwa macho kwenye kioo, na ametengenezwa na mwili wa baba mdogo mwenyewe. Twende taratibu.

Tuna kinga za aina mbili. Moja hujifunza: ndiyo inayolengwa na chanjo, huchukua siku kadhaa kuamka, lakini ikishamjua adui haimsahau. Nyingine tunazaliwa nayo. Hiyo haijifunzi sana, lakini inafika ndani ya dakika na saa. Uzi huu ni wa hiyo ya pili.

Ndani ya makrofeji, seli zinazokaa kwenye tishu zikila taka na vijidudu, kuna protini zinazozurura moja moja bila madhara. Mojawapo inaitwa NLRP3. Mambo yakiharibika, NLRP3 zinakusanyana, zinaita protini nyingine iitwayo ASC, na hiyo inavuta kimeng'enya kiitwacho kaspezi-1. Mkusanyiko huo ndio inflamasomu. Jina alilitoa Jürg Tschopp na wenzake wa Lausanne, Uswisi, mwaka 2002. Ukizitia ASC rangi inayong'aa unaona zilivyokuwa zimetawanyika seli nzima, halafu ghafla zinaganda kuwa doa moja, seli moja doa moja, upana kama maikromita 1. Nimeona video yake. Inatisha kidogo, kwa sababu ukiliona lile doa unajua ile seli mara nyingi haina muda mrefu.

Doa hilo linafanya nini? Fikiria korosho. Ikitoka shambani imo ndani ya ganda, huwezi kuila, lazima ibanguliwe. Intalukini-1 beta, mjumbe mkuu wa homa na uvimbe, hutengenezwa hivyo hivyo ikiwa na ganda lake. Seli inaweza kujaa nayo na usihisi lolote. Mbanguaji ni kaspezi-1. Ikishakusanywa kwenye inflamasomu inawaka, inakata kipande cha protini, na kinachobaki ndicho kikali.

Kwa hiyo kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kuzijaza ghala korosho, yaani seli ipate dokezo la hatari na ianze kutengeneza intalukini. Ya pili ni kuwaita wabanguaji. Bila zote mbili hakuna mlipuko. Huenda ndiyo maana fuwele zinaweza kulala kwenye kiungo miaka na mtu yuko salama, mpaka siku ya sherehe ya mafuta na bia. Kwenye maabara, asidi za mafuta zimeonekana zikitoa lile dokezo la kwanza, na fuwele zikamalizia.

#6 BintiUluguru
Umeeleza vizuri ila bado hujajibu swali lako mwenyewe. Hiyo NLRP3 inaijuaje fuwele? Fuwele si kijidudu.

#7 Hadubini
Dada umepiga penyewe. Haiijui.

Hapa ndipo nilipoelewa. NLRP3 haimtafuti mwizi. Inaangalia tangi la maji. Ndani ya seli potasiamu huwa kama milimoli 140 kwa lita, nje kama 4 tu. Seli inafanya kazi usiku na mchana kulinda tofauti hiyo. Chochote kikitoboa ukuta au kupasua kifuko cha ndani cha kumeng'enyea, potasiamu inavuja, na kushuka kwake ni mojawapo ya vitu vikuu vinavyoiamsha NLRP3. Kwa hiyo sumu ya bakteria inayotoboa utando inaiamsha. Vumbi la silika la wachimba migodi linaiamsha. Asbesto vilevile. Fuwele ya asidi ya yuriki iliyomezwa na seli ikashindwa kumeng'enywa nayo inaiamsha. Kundi lile lile la Tschopp lilionyesha hilo mwaka 2006.

Baba mwenye nyumba hajamwona mtu. Ameona maji yamepungua, akapiga yowe, kijiji kizima kikaja na mapanga. Kikafika, kikakuta bomba limepasuka.

#8 ChomaChoma
Na kijiji hakirudi nyumbani bila kukata kitu 😅

#9 Hadubini
Ndiyo maumivu yenyewe hayo.

#10 NesiWaZamu
Naomba nichomekee. Watu wanafundishwa dalili za inflamesheni kuwa ni wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Huo wekundu kwa ngozi zetu unaweza kuukosa kabisa. Weka mgongo wa mkono wako, linganisha mguu mmoja na mwingine. Nimeshaona wagonjwa wameambiwa "hapana kitu" kwa sababu hapakuwa pekundu.

Na swali langu kwa Hadubini: vimeng'enya ni hiyo kaspezi peke yake? Kwenye famasia tunasikia COX, COX kila siku.

#11 Hadubini
Nesi asante, hiyo ya mgongo wa mkono hata sisi maabara hatuisikii.

COX ni mlango wa pili. Intalukini ikishatoka inazifikia seli nyingine na kuziamrisha ziongeze COX-2. COX-2 inachukua asidi ya mafuta iliyobanduliwa kwenye utando wa seli na kuanzisha utengenezaji wa prostaglandini. Prostaglandini zinapanua mishipa ya damu (joto), zinasaidia maji kutoka nje (uvimbe), na zinazifanya neva ziwe wepesi wa kulalamika. Shuka linageuka kisu. Zikitengenezwa kwenye mishipa ya ubongo karibu na pale panaposimamia joto la mwili, kipimo kinapandishwa. Mwili unaona nyuzi 37 ni baridi, unatetemeka kujipasha mpaka ufike 39. Ndiyo maana mwenye homa inayopanda anaomba blanketi huku ukimgusa anaunguza.

Aspirini ilitumika tangu mwisho wa karne ya 19, na ni John Vane mwaka 1971 aliyeonyesha kuwa inazuia prostaglandini. Nobeli akaipata 1982 pamoja na Wasweden wawili, Bergström na Samuelsson. Diklofenaki na ibuprofeni zinafunga mlango huo huo. Lakini zinamfunga pia ndugu yake COX-1, anayelinda ukuta wa tumbo, na COX hizi husaidia kulinda mtiririko wa damu kwenye figo. Wanaomeza diklofenaki kila wakitoka kazini, kama karanga, wawe na habari.

#12 NesiWaZamu
Na malaria? Homa yake inapita njia hiyo?

#13 Hadubini
Kwa sehemu kubwa ndiyo. Kimelea kikila himoglobini ndani ya chembe nyekundu kinabaki na takataka yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwake. Kinaigandisha kuwa fuwele za kahawia nyeusi, zile chengachenga tunazoziona kwenye slaidi. Chembe zikipasuka, chengachenga zinamwagika pamoja na vipande vya kimelea, makrofeji zinazimeza. Majaribio ya maabara na ya panya tangu 2009 yameonyesha fuwele hizo nazo zinaiamsha NLRP3. Si chanzo pekee cha homa ya malaria, kuna wajumbe wengine, lakini ona: fuwele tena. Kwangu mimi hadubini ile ile, meza ile ile, magonjwa mawili ambayo sikuwahi kudhani yana undugu.

#14 Wanjiru_wa_Kericho
Niko hapa Kenya nafuatilia. Umesema seli yenye doa haina muda mrefu. Inakufaje? Na kama inakufa si hiyo ni hasara kwetu?

#15 Hadubini
Wanjiru, hapo mna hisa zenu Wakenya, ngoja nikuoneshe.

Kaspezi-1 ina kazi nyingine zaidi ya kubangua. Inakata protini iitwayo gasdemini D. Nusu moja ya gasdemini ilikuwa imeishikilia nusu ya pili isifanye fujo. Ikikatwa, ile ya fujo inakwenda kwenye utando, inaungana na wenzake wapata 30 kwa duara, na kufungua tundu la upana wa kama nanomita 20. Kupitia tundu hilo intalukini inatoka. Chumvi na maji vinaingia, seli inavimba, inapasuka. Kifo hicho kinaitwa pairoptosisi, jina lililotolewa 2001 kwa neno la Kiyunani la moto.

Kazi hiyo ya gasdemini ilitambuliwa mwaka 2015 na makundi mawili kwa wakati mmoja: la Feng Shao kule Beijing, na la Vishva Dixit wa kampuni ya Genentech, California. Huyo Dixit amezaliwa Kenya, na udaktari kasomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2021 kundi lake likaongeza jingine: kwamba ule mpasuko wa mwisho si ajali ya maji kujaa, kuna protini iitwayo NINJ1 inayoupasua utando kwa makusudi. Miaka yote tulifundishwa kuwa seli inapasuka kama puto tu.

#16 Wanjiru_wa_Kericho
Wacha! Na hakuna mtu aliwahi kutuambia hii shuleni. Tulikariri sehemu za ua tu.

#17 Hadubini
😂 Sasa faida ya kifo hicho. Bakteria kama wa Salmonela mbinu yao ni kujificha ndani ya makrofeji yenyewe. Hapo antibodi haziwafikii. Inflamasomu nyingine, ya NLRC4, inatambua kipande cha mkia wao wa kuogelea kikionekana ndani ya seli, mahali ambapo hakitakiwi kuwepo. Seli inajilipua, bakteria wanatupwa nje hadharani, nyutrofili wanawasubiri. Kuna AIM2 inayoshtuka ikikuta DNA nje ya kiini. Kuna kaspezi-4 ambayo haihitaji hata mkusanyiko. Inajishika moja kwa moja na sumu ya utando wa bakteria na kukata gasdemini.

Lakini Wanjiru, hasara uliyoisema ipo, na mfano mbaya kuliko wote ni VVU. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwenye tishu za tezi za limfu kuwa seli nyingi mno za CD4, zile seli nyeupe zinazolengwa na VVU, zinakufa kabla hata virusi havijafanikiwa kuzaliana ndani yake. Virusi vilianza, vikakwama, mabaki ya DNA yao yakaonekana, kaspezi-1 ikawaka, seli ikajilipua. Mlipuko unaita CD4 nyingine zije, nazo zinaingia mtego ule ule. Nilipoisoma hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

#18 MkulimaWaMlonge
Wakuu, ndiyo maana tunasema ONGEZA KINGA. Nina unga wa mlonge, tangawizi na kitunguu saumu, kopo moja mwezi mzima. Inaondoa gauti, presha, nguvu za kiume. Njoo inbox.

#19 BintiUluguru
Huyu hajasoma hata posti moja.

#20 Hadubini
Mkulima, mlonge ni mboga nzuri, hata kwangu unapikwa. Ila umeuza dawa ya kuongeza yowe kwa mtu anayeumwa na yowe. Baba mdogo hana upungufu wa kinga pale kwenye kidole. Imemzidi.

Na kuipunguza nako si bure. Mwaka 2017 yalitoka majibu ya jaribio kubwa la dawa iitwayo kanakinumabu, antibodi inayoikamata intalukini-1 beta. Watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na wenye dalili za inflamesheni kwenye damu. Kwa dozi ya miligramu 150 matukio mapya ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15, na hata mashambulio ya gauti yalipungua. Lakini waliokufa kwa maambukizi waliongezeka. Umemfunga mdomo mpiga yowe, bomba likipasuka hakusumbui, na mwizi akija hakuambii. (Bei yake ni ya kununulia kiwanja, kwa hiyo hapa kwetu tumeshasalimika.)

#21 NesiWaZamu
Naomba uwaambie na kuhusu usaha. Kina mama wanakuja na mtoto ana makamasi ya kijani wanataka antibiotiki kwa nguvu. "Nesi huoni ni kijani?"

#22 Hadubini
Hii naipenda kuliko zote.

Nyutrofili wana kimeng'enya kiitwacho mayeloperoksidesi, na kwa rangi yake ni kijani, kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo. Wanacho kwa wingi wa ajabu. Kazi yake ni kuchukua haidrojeni peroksaidi na kloridi, yaani ile chumvi ya kawaida ya mwilini, na kutengeneza asidi yenye klorini. Mnaijua: ni jamaa wa jiki ya kufulia mashuka. Nyutrofili anammeza bakteria kisha anammwagia jiki humo ndani.

Kijani cha makamasi ni rangi ya silaha zetu wenyewe. Mafua ya virusi vilevile yanaleta nyutrofili, na makamasi yanaweza kuwa kijani siku ya tatu au ya nne bila bakteria yeyote. Rangi peke yake haiandikiwi dawa. Mtoto akipumua kwa shida, akikataa kunyonya, homa ikigoma kushuka, hilo ni jambo lingine na ni la hospitali.

#23 MzeeFumbuka
Sawa kijana, nimekuelewa. Lakini jibu hili: kama hakukuwa na kijidudu, zile sindano za antibiotiki zilimponyaje ndugu yako mara mbili?

#24 Kipanga_wa_Usiku
Mzee kapiga chenga mbili na goli.

#25 Hadubini
Mzee, nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Hazikumponya. Shambulio la gauti huwa linaisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kilichowachanganya watu miaka mingi ni kwamba fuwele zinabaki palepale na maumivu yanaondoka. Mwaka 2014 watafiti wakaeleza sehemu ya jibu: nyutrofili wakishafurika kwenye kiungo wanatema DNA yao kama nyavu, nyavu zinashikana na kuwa rundo, rundo linafunga fuwele ndani. Na kwenye nyavu hizo wamebandika vimeng'enya vinavyokata protini, ambavyo vinawatafuna wajumbe wa uvimbe, intalukini na wenzake. Waliokuja na mapanga ndio wanaozima yowe, tena kwa sababu wamekuja wengi. Zile sindano zilifika wakati kijiji kinarudi nyumbani, zikachukua sifa.

#26 ChomaChoma
Mkuu mbuzi wa kesho bado hujamsemea.

#27 Hadubini
Mbuzi kidogo hatakuua. Bia itakusumbua zaidi, maana ina malighafi ya asidi ya yuriki na inabana figo kuitoa. Soda na juisi za sukari zimo pia, watu hawazisemi. Lakini msimtukane mgonjwa wa gauti kuwa mlafi. Kwa wengi tatizo kubwa ni figo kutoitoa asidi vya kutosha, na hilo mtu hurithi. Asidi ikivuka kama miligramu 6.8 kwa desilita ndipo inaweza kuganda.

Kuna kimeng'enya cha mwisho, zanthini oksidesi, kinachoitengeneza asidi yenyewe. Dawa iitwayo alopurinoli inakifunga hicho. Kolchisini, dawa nyingine iliyotokana na mmea, inavuruga nyuzi za ndani ya seli ambazo nyutrofili hutembelea na NLRP3 hukusanyikia. Dozi yake ya tiba na ya sumu zinakaribiana, usijipimie. Muone daktari, wapime na figo.

Angalizo moja: miezi ya kwanza ya alopurinoli mashambulio yanaweza kuongezeka. Fuwele za zamani zinaanza kuyeyuka na kumeguka, seli zinakutana nazo upya.

#28 BintiUluguru
Baba mdogo anaendeleaje?

#29 Hadubini
Kaanza alopurinoli wiki ya sita hii, na kolchisini kidogo kama daktari alivyoandika. Jana saa tisa usiku kanipigia. Safari hii kidole cha kushoto. "Mwanangu, hizi dawa zenu ndizo zimenihamishia ugonjwa mguu wa pili, nazitupa chooni." Nikamwambia baba, nilikuambia kabla hujaanza, na ukaitikia. Akanyamaza. Nikasikia kitanda kinalia, anageuka.

Halafu akauliza kama pweza wanahesabiwa nyama.